AC ya BTU ngapi inatosha chumba chako? Pima kwanza ndo uende Kariakoo

Kuna mama mmoja wa Tabata alinipigia simu mwezi wa pili, joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua, akaniambia fundi njoo uangalie AC yangu, inapuliza baridi lakini silali. Nikaenda. Chumba mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, kitanda cha sita kwa sita, kabati la ukutani, na juu ya dirisha limefungwa lidude la BTU 24,000 (BTU ndo kipimo cha uwezo wa AC, nitakieleza mbele). Yaani AC ya sebule kubwa ya watu iko chumbani kwa mtu mmoja. Akawasha mbele yangu, dakika nne tu chumba kimekuwa friji, kompresa ya nje ikakata, tukakaa kimya pale, taratibu ile natanata ikaanza kurudi shingoni, ikawaka tena dakika tatu, ikakata. Nikagusa shuka, lina unyevu kama limeanuliwa kabla halijakauka. Akafungua kabati akanionyesha mkoba wake wa ngozi umeota ukungu mweupe. Ameshaambiwa na mafundi wawili kwamba gesi imepungua, kajaziwa mara mbili, kalipa mara mbili. Nikapima gesi iko sawa kabisa. Tatizo AC ilikuwa kubwa, basi.

Aliyemuuzia alimwambia chukua kubwa mama, haichoki. Hiyo sentensi imewaingiza watu hasara sana mji huu.

Sasa wengi wanaichukulia AC kama simtank, kwamba ukinunua kubwa kuliko shida yako hasara ni hela tu, maji yatakuwepo. Kwa huku pwani sio hivyo, na sababu ni unyevu. AC ina kazi mbili, kushusha joto na kukausha hewa, na ile ya pili ndo watu wanaisahau. Hewa ya chumbani inapita kwenye koili ya baridi, mvuke uliomo unageuka maji pale kwenye koili, kama chupa ya soda inavyotoa jasho ukiitoa kwenye friji, halafu maji yanashuka kwenye ule mpira unaotoka nje. Kazi hiyo inataka muda. Sensa ya AC haijui unyevu, inajua joto tu, kwa hiyo AC kubwa kwenye chumba kidogo inafika 24 fasta inakata, mvuke bado umejaa chumbani, na mbaya zaidi yale maji yaliyobaki kwenye koili feni ya ndani inayapuliza yanarudi hewani. Unabaki na chumba cha baridi chenye unyevunyevu, kama kulala kwenye pango. Na kwa taarifa tu, AC ya kwanza ya kisasa, ile aliyoichora Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji Brooklyn huko Marekani, shida iliyokuwa inatatuliwa ni unyevu uliokuwa unaharibu karatasi, wafanyakazi walipata baridi kama nyongeza tu.

Ndogo nayo ina shida zake, inakimbia usiku kucha haifiki, LUKU inashuka, na mchana wa jua kali unakuta ndani 29 huku rimoti inasema 20. Ila nikwambie ukweli, nyumba nyingi ninazoingia kosa la vyumbani ni AC kubwa, na kosa la sebuleni ni AC ndogo. Watu wanagawa kinyume.

Tuelewane kwanza hizi namba maana hapo ndo pa kupigwa. BTU ni kipimo cha joto, sio cha baridi. Moja ni joto la kupandisha maji ya ratili moja kwa nyuzi moja ya Fahrenheit. AC haitengenezi baridi, inachukua joto la ndani inaenda kulimwaga nje, na ile 12,000 ni kiasi cha joto inachoweza kutoa kwa saa. Ni kama kukumba maji kwenye mtumbwi unaovuja, kopo lako linatakiwa lilingane na tundu, na kama tundu linazibika si uzibe kwanza. Ukisikia mtu anasema AC ya tani moja ni hiyo hiyo 12,000, hesabu imetoka enzi za barafu, tani ya barafu ikiyeyuka siku nzima inabeba joto la BTU 12,000 kila saa. Haihusiani na uzito wa AC yenyewe.

Halafu kuna HP, yaani nguvu za farasi. Dukani watakwambia "hii HP moja na nusu", na kwa mazoea HP 1 ni kama 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000, mbili na nusu kwenda tatu ni 24,000. Lakini haya ni mazoea ya biashara, sio kipimo cha kutegemea. Wewe soma kibandiko kwenye mashine, tafuta uwezo wa kupooza, umeandikwa BTU kwa saa au umeandikwa kwa wati. Kama ni wati zidisha kwa 3.4. Wati 2,640 ni 9,000, wati 3,520 ni 12,000, wati 5,280 ni 18,000, wati 7,030 ni 24,000. Angalia usichanganye na wati za umeme inaokula, hizo ziko mstari mwingine na ni chache zaidi, AC ya 12,000 inakula kama 1,100 hivi. Ukigawa BTU kwa wati za umeme unapata ubora wake, 12,000 gawa kwa 1,100 ni karibu 11. Ukiikuta ya 8 au 9 hiyo achana nayo hata kama bei inavutia.

Haya, chukua futi kamba. Pima urefu na upana wa chumba kwa mita, zidisha, halafu zidisha kwa 600. Kama umezoea futi, ile kumi kwa kumi na mbili, zidisha kisha gawanya kwa 10.8 upate mita za mraba, hapo ni kama 11. Hiyo 600 ndo namba ninayoanzia mimi kwa Dar, Tanga, Mtwara, Zanzibar na huko Mombasa, kwa chumba cha tofali la saruji, dari kama mita 3, watu wawili, madirisha ya kawaida. Nimesema ninayoanzia. Fundi akikupa jibu kwa simu kwa ukubwa wa chumba tu bila kuuliza kitu kingine huyo anabahatisha, maana kinachoamua ni vile joto linavyoingia, na vyumba viwili vya ukubwa mmoja vinaweza kutaka AC tofauti kabisa.

Mlango mkubwa wa joto kwa nyumba zetu ni paa. Sisi tuko karibu na ikweta, jua la saa sita liko juu ya kichwa karibu mwaka mzima, na sisi tunaezeka bati halafu chini yake jipsam au singibodi, katikati hapo hamna kitu, ni hewa imefungiwa inachemka. Panda darini saa nane mchana uone, hukai dakika tano. Kipimo changu cha kienyeji ni hiki: saa tatu usiku panda juu ya kitanda weka kiganja kwenye dari. Kama ni ya uvuguvugu, yaani unahisi kabisa kama umegusa kikombe cha chai kilichosahaulika, basi dari inakupikia wewe umelala, ongeza asilimia 20. Kama ni ya baridi kama ukuta wa ndani, usiongeze. Na kama uko ghorofani una jirani juu yako, umeshapona, paa halikuhusu.

Hapa nisimame kidogo maana hapa ndo hela ilipo. Hiyo asilimia 20 unaweza kuilipa mara moja au ukailipa kila mwezi kwa miaka yote. Ile karatasi ya kung'aa inayotandikwa chini ya bati wakati wa kuezeka, au blanketi la sufi ya glasi linalolazwa juu ya jipsam, vinakata joto hilo sehemu kubwa. Kama nyumba imeshaisha bado sufi unaweza kulaza kwa kupitia kile kitundu cha darini, fundi jipsam na kijana mmoja mwembamba kazi ya siku moja. Vitundu vya hewa kwenye kenchi pande mbili za paa navyo vinasaidia, joto linapata pa kutokea. Bati jeupe au la rangi ya mwanga linapokea jua kidogo kuliko lile la kahawia iliyoiva ambalo kila mtu mjini ameliezeka kwa sababu ya fasheni. Nina mteja mmoja Goba alikuwa anataka abadilishe AC zote tatu ziwe kubwa, nikamwambia nunua sufi kwanza usikie, hakubadilisha hata moja. Mimi nilikosa kazi ya kufunga AC tatu, sawa, ila ananiita kwa sevisi mpaka leo.

Baada ya paa ni magharibi. Ukuta na dirisha linalotazama jua la saa tisa mpaka kumi na mbili jioni, hilo ndo baya. La mashariki linapigwa asubuhi wakati nyumba bado imepoa usiku, linavumilika. Ukuta wa tofali wa magharibi unakunywa joto jioni nzima unakuja kulitema saa mbili, saa tatu, saa nne usiku, muda ule ule unaoingia kulala. Ongeza asilimia 10. Dirisha kubwa la alminiamu la vioo la upande huo bila kibaraza wala mti, ongeza 10 nyingine. Na pazia la ndani ni zuri ila jua likishapita kioo limeshaingia, kivuli cha nje ndo dawa, iwe kibaraza, mti, au hata turubai zuri la kushusha jioni. Upande mwingine wa shilingi, chumba kiko chini ya ghorofa, kina mwembe dirishani, hakioni jua, punguza asilimia 10.

Watu, 600 kwa kila anayezidi wawili. Vitu vya umeme kila wati inayoliwa ndani ya chumba inageuka joto, zidisha kwa 3.4, TV ya wati 100 ni 340, kawaida chumbani sihangaiki nayo, ila mtu mwenye kompyuta kubwa za kazi, au friji chumbani kama wapangaji wengi wa chumba na sebule, hesabu. Jiko kama liko wazi pamoja na sebule, ongeza 4,000 nzima, gesi ya kupikia haina utani. Dari ikiwa imezidi mita 3, hizi nyumba mpya za dari ya juu na urembo wa kona kona, naongeza kama asilimia 10.

Tufanye mfano. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, ni mita za mraba 14, mara 600 ni 8,400. Nyumba ya chini, bati na jipsam bila kitu katikati, 1,680. Ukuta wa magharibi, 840. Baba, mama na mtoto mdogo, mmoja kazidi, 600. Jumla 11,520. Hapo ni AC ya 12,000 bila mjadala. Chumba hicho hicho, 4 kwa 3.5, kipo ghorofa ya pili kati ya nne Upanga, kivuli cha jengo la jirani, watu wawili: 8,400 toa 840, ni 7,560, AC ya 9,000 inatosha na inabaki. Umeona? Na dukani wote wawili wangeambiwa chukua kumi na mbili, au kwa muuzaji wa Tabata wangeambiwa ishirini na nne.

Sebule sasa. Mita 6 kwa 5, ni 30, mara 600 ni 18,000. Jiko liko wazi, 4,000. Slaidi ya vioo inatazama magharibi, 1,800. Watu sita jioni wanaangalia mpira, wanne wamezidi, 2,400. Tumefika 26,200, na AC ya ukutani ya kawaida unayoipata kirahisi inaishia 24,000. Hapa una njia. Moja, punguza joto, kivuli kwenye slaidi, mlango au hata kizuizi cha kioo kati ya jiko na sebule, ukiweka hiyo tu umerudi kwenye 22,000 na ushee, 24,000 inakutosha. Mbili, funga mbili, ya 18,000 na ya 9,000, pande mbili tofauti, hii mimi naipenda kwa sebule ndefu maana siku ya kawaida mko wawili unawasha moja, ya pili ni ya wageni na ya mpira. Tatu, ambayo wengi wanafanya, funga 18,000 halafu lalamika. Halafu angalia sebule yako inaishia wapi. Kama hamna mlango wa koridoo, AC haijui kwamba wewe umeipimia sebule, inapooza koridoo, ngazi, na kwa shangazi huko chumba cha wageni. Pima eneo lote ambalo hewa inatembea bila kuzuiwa.

Namba ikiangukia katikati? Ukipata 10,000 au 10,300, swali ni AC ya aina gani. Ya zamani, isiyo inveta, kompresa inajua vitu viwili tu, kuwaka yote au kuzima, hiyo shuka chini kwenye 9,000 kama ni chumba cha kulala cha usiku tu, na uweke feni. Inveta inapunguza na kuongeza mwendo, kwa hiyo unaweza kupanda kwenye 12,000 bila wasiwasi, joto likishashuka yenyewe inaenda polepole inaendelea kukausha. Ila inveta sio kibali cha kununua kubwa ovyo, na yenyewe ina mwendo wa chini ambao haiwezi kwenda polepole zaidi ya hapo, inveta ya 24,000 kwenye chumba cha mama wa Tabata bado ingewaka na kuzima usiku mzima. Feni ya dari au ya ukutani usiidharau, inakula wati 60, 70, na ukiwa nayo unaweka AC kwenye 26 unalala vizuri kama yule wa 24 asiye na feni.

Ngoja niongelee LUKU maana najua ndo mnasubiri. AC ya 12,000 isiyo inveta, wati 1,100, saa nane za usiku, ikiwa inawaka kama theluthi mbili ya muda kwa sababu imepimwa vizuri, inakula karibu uniti 6 kwa usiku. Mwezi ni 180. Kwa ile elfu kumi uniti 28 unaongelea kama elfu 64. Inveta nzuri ya ukubwa huo huo kwenye chumba kilichozibwa vizuri inaweza kwenda kwenye nusu yake hivi. Na kama wewe bado uko tarifu 4, ile ya uniti 75 kwa 9,150, jua kwamba uniti 6 kwa usiku zinazimaliza hizo 75 kwa siku kumi na mbili, na matumizi yako yakikaa juu ya hapo utahamishwa, kwa hiyo pigia hesabu ya bei kubwa toka mwanzo usije kunilaumu.

Kitu kingine kinachoendana na ukubwa ni umeme wa mtaani kwenu. AC ya ukubwa wowote iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye breka, sio kuchomekwa kwenye soketi ya pasi na eksteni. 24,000 inataka waya mnene, milimita za mraba 4. Maeneo ambayo saa mbili usiku taa zinafifia, transfoma imezidiwa, AC kubwa isiyo inveta inashindwa kuwaka, inanguruma inakata, inanguruma inakata, mpaka kompresa inaungua, na hiyo ndo sababu nyingine ya kutotaka ukubwa usiouhitaji. Weka gadi ya umeme yenye kuchelewesha dakika tatu, nne baada ya umeme kurudi. Wa jenereta na sola, kumbuka isiyo inveta wakati wa kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kwenye kibandiko, inveta inaanza kwa upole.

Used za kutoka Dubai. Sizikatazi zote, ila soma kibandiko vizuri. Mashine za Ghuba nyingi zimeandikwa T3, maana yake zimepimwa kwa joto la nje la nyuzi 46, za kawaida ni T1, nyuzi 35. Dar haifiki huko, jua la kwetu kwa kawaida linaishia 32, 33 kwenye kivuli, kwa hiyo T3 sio sababu ya kuongezewa bei, shida yetu ni unyevu sio 46. Angalia gesi pia. Ya R22 ipishe, gesi hiyo inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 na nchi kama zetu mwisho wake ni 2030, utakuja kuitafuta kwa tochi. R410A na R32 ndo ziko kwenye mashine za sasa. Na kwa watu wa Kigamboni, Mbezi Beach, Unguja, mnaosikia bahari mkiwa kitandani, chumvi inakula mapezi ya mashine ya nje, chukua yenye mapezi yaliyopakwa rangi, ya bluu au ya dhahabu, kwa sababu mapezi yakioza ile 18,000 uliyoipima vizuri inakuwa 12,000 baada ya miaka michache bila kukuaga.

Nina wasomaji wa Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto najua mnacheka, nyie shida yenu ni kinyume, mwezi wa sita na wa saba mnatafuta joto. Kuna AC zinazofanya yote, moto na baridi, na kwa kupasha ni nzuri sana kwa sababu haichemshi waya kama hita, inalivuta joto la nje inaliingiza ndani, uniti moja ya umeme inakupa joto la kama uniti tatu. Huko usitumie 600 yangu, ni ya pwani, paa na jua sio adui yenu, adui ni upepo unaopita chini ya mlango na kwenye madirisha yasiyofunga sawasawa. Ziba kwanza, 9,000 ya moto na baridi inapasha chumba cha kawaida. Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, mlango umefungwa, hata kama mkaa umeshakuwa majivu mekundu tu. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini kila msimu wa baridi.

Ukishanunua, usimwache fundi afunge halafu aondoke fasta. Asimame na vakyumu pampu avute hewa kwenye mabomba, sio kuachia gesi kidogo ifukuze hewa, ule ni uvivu, na AC ikifungwa hivyo utadhani umekosea ukubwa kumbe ni ufungaji. Iache iwake nusu saa milango imefungwa, pima joto la hewa inayoingia juu na inayotoka chini, tofauti iwe nyuzi 8 mpaka 12. Halafu usiku sikiliza kompresa. Isiyo inveta ikiwaka chini ya dakika tano inakata, inawaka inakata, ni kubwa. Ikiwaka dakika kumi, kumi na tano, ikapumzika, uko pazuri. Ikiwaka toka saa tatu mpaka alfajiri haijapumzika hata mara moja na ulishazuia jua la magharibi na joto la paa, ni ndogo, au filta imejaa vumbi, anza na filta.

Kipimo cha mwisho ni ndoo. Weka ndoo ya lita 10 chini ya ule mpira wa maji nje, jioni. Mama wa Tabata tulifanya hivyo na ile 24,000 yake, asubuhi maji yalifunika kitako cha ndoo tu, labda lita mbili, na usiku mzima mashine ilikuwa inahangaika. Tukapiga hesabu, 12.25 mara 600 ni 7,350, bati bila sufi 1,470, jumla 8,820. Ile kubwa tukaihamishia sebuleni ambako alikuwa na feni tu, chumbani tukafunga 9,000, tukarudisha ndoo ile ile mahali pale pale. Asubuhi akanitumia picha WhatsApp, ndoo imejaa mpaka inamwagikia kwenye maua, na chini kaandika, "fundi, haya maji yote nilikuwa nalala nayo?"